Waitaliano hawakula hivyo "tangu enzi na enzi"

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu chakula cha Waitaliano niliisoma nikiwa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya siki, mikono imejaa unga. Mwandishi wenu ana kalamu tamu, sikatai, na zile picha zinatia njaa. Lakini kuna mambo matatu yaliyonifanya niache kukanda. Kwanza, kwamba tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka Uchina. Pili, kwamba Waitaliano wamekuwa wakila wanavyokula leo "tangu enzi na enzi". Tatu, kwamba katika historia yao yote chakula ndicho "kilichowakutanisha wote mezani".

Mimi nafanya kazi ya kulea wazee hapa Bologna, kazi ambayo wenyewe huiita badante. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Ninayemlea sasa, nitamwita Bibi kwa kuwa ndivyo ninavyomwita nyumbani, alizaliwa mwaka 1934 katika familia ya wakulima kwenye tambarare za kaskazini mwa mji huu. Miguu imemchoka na macho yana ukungu, lakini kumbukumbu bado kali, na ukitaja chakula mbele yake ujue umefungulia bomba. Basi nikamfasiria makala yenu sentensi baada ya sentensi. Kwenye Marco Polo alicheka. Kwenye "wote mezani" hakucheka. Aliniuliza: "Wote nani?"

Barua hii naiandika kwa sababu ya swali hilo.

Marco Polo tummalize haraka. Alirejea Venice mwaka 1295. Lakini mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi, aliyekuwa akimwandikia Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, alikwisha kueleza kwamba kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, kilikuwa na vinu vingi vya maji, na watu wake wakitengeneza itriyya, yaani tambi, kwa wingi hata wakazipakia merikebuni kupeleka Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Neno hilo la Kiarabu bado linaishi. Huko Salento, kwenye kisigino cha ramani ya Italia, wanapika dengu na tambi na kukiita chakula hicho ciceri e tria. Hiyo tria ni itriyya ileile. Na mjini Genoa, mwaka 1279, mwandishi wa hati aliyeorodhesha mali ya askari mmoja aliandika humo chombo kilichojaa makaroni. Marco Polo wakati huo alikuwa bado yuko Asia.

Nyanya nazo zilitoka Amerika katika karne ya 16, na kwa muda mrefu zilitazamwa kwa mashaka, zikapandwa zaidi bustanini kuliko kupikwa. Maelekezo ya kwanza ya mchuzi wa nyanya kuchapwa Italia yalitoka Naples katika miaka ya 1690, kwa mkono wa msimamizi wa karamu za wakubwa aitwaye Antonio Latini, naye aliuita mchuzi wa Kihispania. Tambi na nyanya kuwa mume na mke ni habari ya karne ya 19. Watu wa Naples wenyewe, kabla ya kubandikwa jina la "wala makaroni" katika karne ya 17, walikuwa wakiitwa "wala majani", kwa kuwa kabichi na mboga za majani ndizo zilizowajaza matumbo. Kwa hiyo ile sahani yenu nyekundu ya ukurasa wa kwanza ni ya juzi tu.

Sasa nije kwenye "wote".

Bibi anasimulia kwamba utotoni mwake chakula cha siku za baridi kilikuwa polenta, ugali wa mahindi ya njano. Mama yake aliumwaga kutoka kwenye chungu cha shaba moja kwa moja juu ya ubao mpana, ukakatwa kwa uzi. Juu ya meza alining'inizwa samaki mmoja wa chumvi, ng'onda aitwaye aringa, amefungwa kamba kutoka kwenye boriti la dari. Kila mtu alichukua kipande chake cha ugali akakipigisha kwenye samaki mara moja, mara mbili, kikapata chumvi na harufu. Samaki hakuliwa. Aliyejaribu kumng'ata alikatwa jicho na babu. Siku ya tatu au ya nne, samaki akiwa amekwisha kuwa kama kamba nyingine, ndipo babu alipomgawa.

Mezani walikaa wanaume. Watoto walikula wamesimama, na mama mwenye nyumba, ambaye kwa lahaja ya huku huitwa azdora, alikula mwisho karibu na jiko, sufuria mkononi. Nimemuuliza Bibi kama mama yake alikuwa akikaa siku za sikukuu. Alifikiri kidogo akasema, "Siku za sikukuu ndiyo kabisa hakukaa."

Shamba halikuwa lao. Walilima kwa mkataba wa mezzadria: mwenye shamba anatoa ardhi na nyumba, familia inatoa mikono, mavuno yanakatwa nusu kwa nusu. Nusu ikisha kukatwa, bado kulikuwa na kile kilichoitwa zawadi. Krismasi ilitaka majogoo wawili waliohasiwa na kunoneshwa, Pasaka ilitaka mayai kadhaa, na vyote vilipelekwa nyumbani kwa bwana mjini. Zawadi iliyoandikwa idadi yake kwenye mkataba! Bibi aliwahi kutumwa na kikapu cha mayai akiwa na miaka saba, na kitu anachokumbuka si nyumba ya bwana, ni jinsi alivyokuwa akiyahesabu njiani, asije akaambiwa limepungua moja. Mikataba mipya ya namna hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1964 tu. Bibi alikuwa mama wa watoto wawili.

Ndiyo maana wana msemo: mkulima akila kuku, basi ama mkulima ni mgonjwa, ama kuku ndiye mgonjwa. Na mwingine, wa zamani zaidi, unaosema usimjulishe mkulima jinsi jibini lilivyo tamu likiliwa na peasi. Huo wa pili nilidhani ni mzaha mpaka Bibi aliponieleza kwamba peasi lilikuwa tunda la mabwana, jibini lilitoka mikononi mwa mkulima, na hofu ilikuwa kwamba siku mkulima akijua viwili hivyo vinavyopendana, hataleta tena nusu yake. (Wengine wameuongezea mkia: mkulima anajua siku nyingi, mti wa peasi ni yeye aliyeupanda. Bibi anaupenda zaidi mkia kuliko msemo.)

Ugali huo wa mahindi uliua watu, Mhariri, na hili halikutajwa hata kwa nukta kwenye makala yenu. Mahindi yalipofika kutoka Amerika wenye mashamba wa Veneto na Lombardia, mikoa ya kaskazini, waliyapenda kwa kuwa yanazaa sana, hivyo mkulima akaachiwa mahindi ale na ngano ikapelekwa sokoni. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakiyachemsha mahindi kwa chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hiyo ndiyo inayofungua vitamini iliyofungiwa ndani yake. Wazungu walichukua punje, ujuzi wakauacha ng'ambo. Aliyekula polenta tupu mwaka mzima, asubuhi na jioni, alipata pelagra: ngozi inapasuka kwenye jua, tumbo linaharisha, akili inaruka, kisha kifo. Jina lenyewe la ugonjwa lilitolewa na daktari wa Milan, Francesco Frapolli, mwaka 1771, akilichukua midomoni mwa wakulima waliosema ngozi imekwaruza. Serikali ilipohesabu wagonjwa mwaka 1881 ilipata zaidi ya 100,000. Hospitali za wagonjwa wa akili, kama ile ya kisiwa cha San Servolo huko Venice, zilijaa wakulima ambao dawa yao ingekuwa kipande cha nyama na glasi ya maziwa. Profesa maarufu Cesare Lombroso alishikilia kwamba kosa ni la mahindi yaliyoota ukungu. Jibu hilo lilikuwa jepesi kumezwa na wenye mashamba kuliko lile lililosema wakulima wao hawana kitu kingine cha kula. Ugonjwa ulipungua watu walipoanza kupata mkate, na wengi walipata mkate kwa kuhama nchi.

Mama yake Bibi aliwahi kumwona jirani mwenye pelagra. Hakumsimulia mtoto wake zaidi ya mikono: mikono ilikuwa kama imevaa glavu.

Leo, katikati ya mji huu, polenta inauzwa hotelini kwa euro kumi na kitu, imewekewa uyoga, nayo inaitwa chakula cha asili. Bibi haili. Mwanawe alimpeleka kwenye hoteli kama hiyo siku yake ya kuzaliwa, mhudumu akaipamba kwa maneno, Bibi akaisukuma pembeni kwa uma taratibu kama mtu anayemrudishia mwenzake barua asiyoitaka.

Kuhusu mkate sitachelewa, ingawa damu iliyomwagika kwa ajili yake ingejaza gazeti lenu. Italia ilipokwisha kuunganishwa, serikali mpya yenye madeni iliweka kodi ya kusaga nafaka. Sheria ilikuwa ya 1868, utekelezaji ukaanza Januari 1869. Kila kinu kilifungwa kihesabio cha mizunguko ya jiwe, mwenye kinu akadaiwa kwa mizunguko, naye akamkamua mkulima. Ghasia zililipuka, kwa ukali zaidi katika mkoa huuhuu wa Emilia, jeshi likaletwa, watu wapatao 250 wakauawa. Kodi hiyo iliondolewa kabisa mwaka 1884. Mei 1898, bei ya mkate ilipopanda, Jenerali Bava Beccaris alifyatulia umati mizinga katikati ya Milan. Hesabu ya serikali ilikuwa watu wapatao 80 waliokufa, na Mfalme Umberto akampa jenerali nishani. Miaka miwili baadaye, mjini Monza, mfalme huyo alipigwa risasi na Gaetano Bresci, aliyesema analipiza kisasi cha Milan. Na kabla ya hao wote kulikuwa na mvuvi wa Naples, Masaniello, ambaye Julai 1647 aliongoza maasi yaliyoanzia sokoni kwa sababu ya ushuru wa matunda. Ushuru wa matunda, jamani, mwezi wa Julai, wakati maskini wa Naples hana kingine cha bei rahisi.

Hapo Naples mezani walikutana kweli, lakini ngoja niwaeleze namna. Katika karne ya 18 wafalme wa ukoo wa Bourbon walijengesha mbele ya kasri lao, kwenye uwanja unaoitwa leo Piazza del Plebiscito, vilima na ngome za kuchezea zilizotengenezwa kwa chakula: kuta za jibini na mikate, nyama zilizotundikwa, chemchemi za mvinyo, na wanyama hai waliofungwa humo. Waliita Cuccagna, nchi ya shibe. Maskini walizuiwa na askari mpaka mfalme alipotoa ishara kutoka kwenye roshani, mzinga ukalia, na watu wakavamia. Dakika chache hakibaki kitu. Watu walikanyagana, wakachomana visu, huku mabwana na mabibi wakitazama kutoka juu. Nilipomsomea Bibi habari hii hakushangaa hata kidogo. Alisema afadhali wale walikuwa wanajua wanatazamwa.

Kuna jambo jingine kuhusu "wote" ambalo mimi Mwislamu nisiyekula nguruwe haliwezi kunipita. Biringanya, ambazo makala yenu imeziita "roho ya jiko la Kiitaliano", zilidharauliwa karne nyingi kama chakula cha Wayahudi. Aliyeliandika hilo wazi ni Pellegrino Artusi, yule mfanyabiashara wa hariri aliyetoa kitabu cha upishi mjini Florence mwaka 1891, ambacho kimo karibu katika kila nyumba niliyofanya kazi. Anasema miaka arobaini kabla ya hapo biringanya na shamari hazikuonekana kwa urahisi sokoni Florence, kwa kuwa zilihesabiwa vyakula duni vya Wayahudi, halafu anaongeza kwamba katika jambo hili, kama katika mengine makubwa zaidi, Wayahudi walikuwa na pua bora kuliko Wakristo.

Niruhusuni nikae kwa Artusi kidogo, maana yeye ndiye ninayemshukuru kuliko wote. Alizaliwa Forlimpopoli, mashariki mwa hapa, mwaka 1820. Januari 1851 genge la mnyang'anyi maarufu aliyeitwa Passatore liliteka mji wao jioni watu wengi wakiwa ukumbini wakitazama mchezo, likazipora nyumba za wenye mali. Dada yake mmoja, Gertrude, alipatwa na mshtuko akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Familia ikahamia Florence. Artusi hakuoa, alifanya biashara mpaka ikamtosha, kisha akiwa mzee wa miaka sabini akaandika kitabu cha kupika ambacho hakuna mchapishaji aliyekitaka. Akakichapa kwa fedha zake, nakala 1,000. Alipofariki mwaka 1911 kilikuwa kimekwisha kuchapwa mara 14, na kutoka maelekezo 475 kilikuwa kimefika 790, kwa sababu wanawake kutoka pande zote za nchi walikuwa wakimwandikia barua: umekosea hapa, kwetu tunatia hiki, jaribu hivi. Nchi ilikuwa na umri wa miaka thelathini, watu wake wanasema lahaja zisizosikilizana, mtu wa Bologna hajui mtu wa Naples anakula nini. "Chakula cha Kiitaliano" mnachokisifu kilianza kupata sura moja humo, kwenye barua za akina mama kwenda kwa kapera.

Lakini yeye mwenyewe hakushika mwiko peke yake. Nyumbani kwake, Piazza d'Azeglio, walikuwamo watumishi wawili, mpishi Francesco Ruffilli na msaidizi wa nyumba Marietta Sabatini. Kila kitu kilijaribiwa na wao. Ndani ya kitabu kuna panettone, keki ile ya Krismasi, yenye jina la Marietta. Bwana ameandika kwamba ni yake na kwamba ni bora kuliko ya Milan inayouzwa madukani. Na alipokufa, mapato ya kitabu aliwaachia hao wawili. Mimi nimefanya kazi katika majiko ya watu tangu nilipotua nchi hii. Nimesikia mara nyingi wageni wakimpongeza mwenye nyumba kwa chakula nilichopika mimi, naye akatabasamu na kusema asante. Simtaji wala sina kinyongo, alinilipa mshahara wangu. Ila kila nikifika kwenye ukurasa wa panettone huwa nalisoma jina lile kwa sauti.

Mama yake Bibi naye ana kisa chake. Majira ya Mei na Juni alipanda treni na wanawake wenzake kwenda kung'oa magugu kwenye mashamba ya mpunga ya Vercelli, huko Piedmont. Siku arobaini, maji hadi magotini, mgongo umepinda, mbu. Wanawake hao waliitwa mondine, na ni wao waliopigania siku ya kazi ya saa nane wakaipata Vercelli mwaka 1906, kabla ya wafanyakazi wengi wa viwandani. Walilipwa fedha kidogo na kilo moja ya mchele kwa kila siku ya kazi. Bibi anakumbuka gunia linaingia mlangoni kabla ya mama mwenyewe. Mchele huo haukuliwa hovyo. Ulikuwa wa wagonjwa, wa mzazi aliyejifungua, na kilo kadhaa za kulipia deni dukani.

Nikija kwa Mussolini nitasema machache. Mwaka 1925 alitangaza "vita vya ngano", nchi ijilishe yenyewe; akapigwa picha kifua wazi akipura nafaka pamoja na wakulima. Vikwazo vya 1935 vilipokuja baada ya kuivamia Uhabeshi, kahawa ikawa ya shayiri na chai ikawa ya rosela. Mshairi Marinetti na wenzake walikuwa wamekwisha kutangaza mwishoni mwa 1930 kwamba tambi zipigwe marufuku kwa kuwa zinamfanya Mwitaliano awe mzito na mwenye majonzi. (Bibi: "Huyo alikuwa ameshiba.") Mwaka 1942 mgawo wa mkate kwa kadi ulikuwa gramu 150 kwa mtu kwa siku. Mussolini alipoangushwa Julai 25, 1943, ndugu saba wa familia ya Cervi, wakulima wa upande wa Reggio Emilia, walichemsha tambi, wakazitia siagi na jibini, wakazipakia mkokotenini wakazipeleka uwanjani Campegine na kuwagawia watu bure. Tambi nyeupe, hakuna nyanya. Desemba 28 mwaka huohuo wote saba walipigwa risasi na mafashisti. Kila Julai 25 tambi hizo hupikwa tena nyumbani kwao, ambako sasa ni makumbusho, na katika miji mingi mingine. Nimekwenda mara mbili. Foleni ni ndefu, sahani ni za karatasi, na wapishi ni wazee wanaogombana kuhusu chumvi. Hapo, Mhariri, ndipo nilipowahi kuona kitu kinachofanana na hao "wote" wa mwandishi wenu, nao walikuwa wanakumbuka mauaji.

Nimalizie na tortellini, vitambi vidogo vinavyojazwa nyama na kukunjwa, maana ndizo nilizokuwa nikizikunja siku ile. Watu wa Bologna hawana mchezo nazo. Desemba 7, 1974, chama cha wapenzi wa tortellini kilikwenda kwa mthibitishaji na kusajili maelekezo rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji: kiuno cha nguruwe, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, mortadella (soseji nene ya nguruwe), jibini la Parmigiano, yai, kungumanga. Tagliatelle, tambi bapa, zilikuwa zimetangulia mwaka 1972, zikapewa hata upana: milimita 8 zikiiva, ambao, wakasema, ni sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa Asinelli, mnara mkongwe wa mji huu. Nani aliyepanda mnarani na tambi mkononi kuhakikisha, sijui.

Sasa, mwaka 2019, kamati ya sikukuu ya San Petronio, mtakatifu wa mji ambaye siku yake ni Oktoba 4, ilipanga kwamba pamoja na tortellini za kawaida zigawiwe pia chache za kuku, kwa ajili ya wasiokula nguruwe. Chache. Pembeni. Ungedhani mnara umeanguka. Wanasiasa wa mrengo wa kulia walipiga kelele kwenye televisheni kwamba historia inafutwa ili kuwaridhisha wageni. Mimi nilikuwa kwenye basi nambari 27, nimejitanda ushungi wangu, watu wawili mbele yangu wanabishana kuhusu kuku na mmoja wao anageuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempika. Wapishi wenye elimu ya vitabu walieleza kwamba tambi zilizojazwa nyama ya kuku au jogoo aliyehasiwa ni za zamani; hata Artusi, kwenye cappelletti, tambi za kujazwa za kwao Romagna, ametia kidari cha jogoo wa aina hiyo, na kiuno cha nguruwe amekitaja kama mbadala tu. Hakuna aliyesikiliza. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2009, mji wa Lucca ulikuwa umezuia hoteli mpya za vyakula vya kigeni kufunguliwa ndani ya kuta zake za kale. Na wakati huohuo huko Trapani, Sisilia, akina mama wanaviringisha cuscusu wao wa samaki kwa mikono, chakula kilichovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini, na kijiji cha San Vito Lo Capo kimekuwa kikikifanyia tamasha tangu 1998.

Jioni ile nilirudi nyumbani nimenuna. Bibi aliniuliza kulikoni, nikamwambia. Hakunipa hotuba. Alinituma kwa mwuza nyama nilete kidari cha kuku, akanikalisha, akaniambia nisage pamoja na jibini na kungumanga ya kutosha, "maana kuku hana la kusema peke yake". Tangu hapo kila Krismasi tunakunja trei mbili, na trei yangu inawekewa kijiti cha meno katikati ili zisichanganyike. Mwanawe alipouliza mwaka wa kwanza zile za kijiti ni za nini, Bibi alimjibu kwamba ndivyo mama yake alivyofanya mwaka ambao hawakuwa na nguruwe. Sijui kama ni kweli. Sikumuuliza.

Ninachoomba, Mhariri, ni masahihisho ya Marco Polo angalau kwenye toleo lijalo, hata kama ni mistari miwili chini ya ukurasa. Mengine mwandishi wenu ataamua mwenyewe. Na Bibi, ambaye nimemsomea barua hii yote kabla ya kuituma, ameniagiza niongeze kwamba ile lasagne ya pichani mliyoiandikia "ya Bologna" si ya Bologna, kwa kuwa tambi zake ni nyeupe na za hapa hukandwa kwa mchicha zikawa za kijani. Ameniambia hilo mliandike kwa herufi kubwa.

Wenu msomaji,
Mlezi wa wazee,
Bologna, Italia